Machungwa Tisini na Moja

Sifa mwanangu,

Umeenda Simi-Simi kumuaga rafiki yako, na umesema utarudi kabla ya mvua. Mvua yenyewe imeshaanza upande ule; naiona kutoka mlangoni. Nadhani utajikinga mahali mpaka ipite, kwa hiyo nina saa moja, labda mbili. Nimekaa kwenye meza ambayo asubuhi yote ulikuwa unapigia pasi blauzi zako za kufundishia, na nimechukua kalamu ya bluu, kwa sababu nilipokuwa msichana nilifundishwa kwamba nyekundu ni ya mwalimu peke yake.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya yule mama atakayekupa chumba kule Opala, nimeshayasema mpaka umenicheka. Sitayarudia. Kesho asubuhi mjomba wako, Tonton Issa, atakuvusha mto pamoja na pikipiki yake, mtashuka Lubunga, na kutoka pale ni barabara tu, matope na miti, mpaka kwenye shule inayokusubiri. Jioni ya pili utakuwa mwalimu wa hesabu. Maneno haya matatu, mwalimu wa hesabu, huwa nayasema peke yangu humu ndani.

Kuna jambo ambalo sijakuambia kwa miaka kumi na tatu, na siwezi kukuacha uvuke mto kabla sijaliandika. Linahusu namba moja tu, nayo ni tisini na moja. Najua unaikumbuka. Najua pia kwamba hujawahi kuitaja mbele yangu tangu siku ile, hata ulipokuwa unasomea namba huko kwenye taasisi ya walimu, hata pale ulipokuwa unafundisha watoto wa jirani kwenye baraza letu. Uliwahi kufika themanini na tisa, ukaniona nimesimama karibu, ukafunga daftari.

Acha nianze mbali kidogo, utanisamehe.

Nilianza shule nimechelewa, kwa hiyo nilikuwa na miaka kumi na saba katika mwaka wa tatu wa sekondari. Kwenye ukuta wa darasa letu fundi wa rangi alikuwa ameandika, kwa rangi ya bluu, orodha ya namba zote hadi mia ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Kwa Kifaransa tuliziita nombres premiers. Mwalimu wangu wa sasa, wa masomo ya watu wazima, anaziita namba tasa. Orodha ile ilikuwa kubwa, kila namba kama kiganja cha mkono, na sisi wasichana tuliitoa darasani tukaipeleka uwanjani. Tuliichezea nzango.

Wewe umecheza nzango, sina haja ya kukueleza. Wawili wanatazamana, makofi, ruka, mguu mbele. Sisi tulibadilisha jambo moja tu: kila mguu ulipotua, mchezaji alitaja namba ya ukutani, mimi moja, wewe moja, mimi moja, wewe moja, mpaka mwisho. Na mwisho wake ulikuwa mtamu kuliko yote, kwa sababu namba nne zilifuatana mbili mbili kwa sauti, themanini mbili kisha tisini mbili: quatre-vingt-trois, quatre-vingt-neuf, nonante et un, nonante-sept. Uwanja mzima ulizipiga pamoja. Hata wale wadogo waliokuwa hawajui kugawanya kwa mbili walizijua hizo nne.

Sasa wewe umeshaona. Namba za kweli ni ishirini na tano. Zetu zilikuwa ishirini na sita. Fundi wa rangi, au yule aliyempa karatasi, aliongeza tisini na moja, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu katika nzango wachezaji ni wawili na ishirini na sita inawagawanyikia sawasawa, kumi na tatu wewe, kumi na tatu mwenzako. Ukiitoa ile moja, mmoja anabaki amesimama na mguu hewani. Kosa lile lilitufaa miguuni, ndiyo sababu lilidumu.

Mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Madame Odile. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kupiga mtu. Hakutaka tuziimbe tu. Kila wiki alitupa namba mbili za ukuta ule ili tuzithibitishe kwenye daftari: kuzigawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, na kuandika kila mara kilichobaki. Tulinung'unika sana. Mwenzangu wa dawati alisema, "Madame, si iko tayari kwa ukuta?" Madame Odile akajibu, "Ukuta ni wa fundi wa rangi. Weye utagawanya." Tukagawanya. Wiki baada ya wiki tulipanda orodha ile, na mimi nilikuwa wa kwanza kila mara. Alikuwa akinisainia daftari kwa mstari mmoja mrefu chini ya jina langu, na alizoea kusema, "Huyu atanirithi chaki."

Nilipoacha shule tulikuwa tumefika sabini na tisa.

Wenzangu bila shaka walifika tisini na moja baada ya wiki mbili. Lazima walifika, wakaigawanya kwa saba, wakaona hakuna kilichobaki, wakapiga kelele, labda wakapanda juu ya dawati na kitambaa chenye maji kuifuta. Mimi sikuwepo. Mimi niliondoka na wimbo mzima na hesabu isiyokamilika.

Na hapa, Sifa, lazima niandike polepole.

Wewe umekua ukijua kwamba niliacha shule kwa sababu ya mimba yako. Hilo ndilo nililosema kwa kila mtu, na kwako pia, siku ile. Si kweli. Mimba ilikuwepo, ndiyo, na papa yako alikuwa akisafiri na mizigo ya reli kwenda Ubundu, akirudi mara chache, mpaka akaacha kurudi. Lakini hakuna aliyenifukuza. Ulipokuwa na miezi mitatu Madame Odile alikuja nyumbani kwetu kwa miguu. Mimi nilimwona kwa dirisha, nikakimbilia nyuma ya pazia la chumba nikiwa nimekushika, nikakuweka kwenye titi ili usilie, na nikamwambia bibi yako kwa ishara aseme nimesafiri.

"Ameenda Ubundu," bibi yako akasema.

"Na mutoto?"

"Na mutoto."

"Bon. Mukimuona, mumuambie kiti chake kiko pale pale. Atakuja na mutoto, tutapanga."

Alirudi tena baada ya mwezi. Pazia lile lile, na bibi yako akajibu vilevile, ila mara ya pili alinitazama kwanza kabla ya kusema uongo, na mimi nikatikisa kichwa. Madame Odile akaacha kifurushi: daftari mpya na kalamu mbili. Hakuja tena. Mwaka uliofuata akahamishwa.

Niliona aibu tu. Nilikuwa yule wa kwanza, yule wa kurithi chaki, na sikuweza kuingia kupitia lango lile na mtoto mgongoni mbele ya wasichana wale niliokuwa nikiwashinda. Hiyo ndiyo sababu yote, haina nyingine. Wewe ulikuwa na miezi mitatu, ulikuwa unanyonya, hukunitoa popote. Nilijitoa mwenyewe, nikajificha nyuma ya kitambaa, na baadaye nikahitaji mtu wa kubeba lawama, na mtu aliyekuwa karibu nami kuliko wote ulikuwa wewe.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa ninauza machungwa pale sokoni, yale yanayoletwa kwa baiskeli kutoka njia ya Opala, na ulijua namna ninavyoyapanga: chini sita kwa sita, juu yake tano kwa tano, kisha nne kwa nne, mpaka lile moja la kileleni. Ngazi sita. Nilipanga hivyo kila asubuhi bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kitambaa cha kichwa. Ijumaa ile mvua ilinyesha mchana kutwa, hakuna aliyenunua hata chungwa moja, na tukarudi nalo lundo lote kwenye gunia. Mimi nikawasha mbabula ya makaa, nikaweka sombe, majani ya muhogo. Wewe ukatandika gunia sakafuni na ukaanza kuyachezea.

"Mama, tazama."

Sikutazama.

"Mama, tazama basi. Iko mistari saba, na kila mustari iko na kumi na tatu. Hakuna hata moja yenye imebakia."

"Ni ngapi yote?"

"Makumi tisa na moja."

"Umehesabu mubaya. Makumi tisa na moja haigawanyike."

"Nilihesabu mara tatu."

"Sifa, iko kwa liste. Nilijifunza ile mbele uzaliwe."

"Lakini machungwa..."

"Machungwa haikusoma!"

Ulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba ulicheka, kwa sababu kwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha, machungwa yasiyosoma. Kama na mimi ningecheka, barua hii isingekuwepo. Lakini ulikuwa umeshachora mistari ile kwenye daftari lako, vitone saba kwenda chini, kumi na tatu kwenda kando, vimepangwa vizuri mno, na chini yake umeandika kwamba tisini na moja ni saba mara kumi na tatu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya mzazi kusaini daftari. Ulinipa daftari pamoja na kalamu.

"Bon, mama, gawanya weye mwenyewe, utaona."

Nilichukua kalamu nyekundu. Haikuwa yangu, ilikuwa ya Tonton Issa, aliisahau. Nikapiga mstari kutoka kona hadi kona juu ya vitone vyako vyote. Kisha nikasema yale maneno. Nayaandika hapa kama nilivyoyasema, kwa sababu nikiyapamba nitakuwa nimejificha tena nyuma ya pazia.

"Kwa sababu yako niliacha masomo. Sasa unataka kuninyang'anya hata hii kidogo yenye ilibakia?"

Hukulia. Uliokota machungwa moja moja ukayarudisha kwenye gunia. Ulikula sombe yako yote. Ulipolala nilikuta umechana ukurasa ule kutoka kwenye daftari, umeukunja mara nne, umeuweka karibu na mbabula pamoja na karatasi za kuwashia moto.

Sikuuchoma. Nitakuambia baadaye uko wapi.

Kesho yake sokoni sikuyapanga machungwa. Nilitandika gunia chini, nikachuchumaa, nikayalaza: kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu. Jirani yangu Mama Bora, yule wa samaki wakavu, alisimama juu yangu na mikono kiunoni.

"Mama Sifa, leo unauzisha machungwa ao unaifundisha?"

"Niache, Mama Bora."

"Nikuache namna gani? Batu wanapita, weye uko chini unahesabu sawa mutoto wa primaire! Alors, iko ngapi?"

"Makumi tisa na moja."

"Donc? Si ni ile ile ya kila siku."

"Namna gani ya kila siku?"

"Ngazi sita, kila siku ngazi sita. Siku moja ilinibidi nikulindie meza, nikaihesabu. Makumi tisa na moja. Unajua leo?"

Mistari saba. Hakuna lililobaki. Miaka yote ile nilikuwa nimeijenga namba ile kwa mikono yangu mwenyewe, kila asubuhi, mbele ya soko zima, na kila jioni nikaivunja, wala sijawahi kuitazama. Mtoto wa miaka tisa aliitazama mara moja.

Nilijua asubuhi ile, Sifa. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mstari mwekundu. Kukosea jioni ni jambo moja. Lakini asubuhi nilijua, na mchana ulipokuja kunisaidia sokoni nilikuwa nimeshayapanga ngazi sita kama kawaida, na nilikuuliza tu kama umekula. Nilifikiri nitakuambia wiki itakayofuata. Nilifikiri umesahau. Watoto husahau, nilijiambia. Kisha Jumamosi moja Issa akaniambia:

"Dada, mutoto wako ananiletea daftari kila Samedi nitie saini."

"Na unatia?"

"Natia. Mie sielewi vile vitu, lakini saini yangu iko muzuri."

"Hakukuambia kwa nini haniletee mimi?"

"Nilimuuliza. Alisema, mama iko na kazi mingi."

Alisema hivyo huku akicheka, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. Kuanzia hapo mpaka ulipomaliza sekondari, saini zote kwenye madaftari yako ni za Issa, zenye mkia mrefu kama wa mjusi. Hukunikosea heshima hata siku moja. Ulinichotea maji, ulinipangia machungwa, ulinisimulia habari za rafiki zako. Ila hesabu hukunionyesha tena. Nami nilikaa kwenye chumba kimoja na mtu anayejua jambo nilipendalo kuliko yote duniani, na sikuthubutu kumuuliza.

Mwaka jana ulipoona nimejiandikisha kwenye masomo ya watu wazima ulifurahi, ukanunua kitambaa cha kufunikia madaftari yangu. Hukuuliza kwa nini. Nakuambia sasa: sikwenda kwa ajili ya diploma, ingawa nikiipata nitaitundika. Nilikwenda kumalizia zile namba za baada ya sabini na tisa.

Siku tulipofika kwenye namba tasa, mwalimu wetu, ambaye ni kijana wa rika lako, aliniomba nizitaje ubaoni. Nilizitaja kwa wimbo, bila kukusudia, na mguu wangu wa kulia ukawa unagonga sakafu. Nilipofika themanini na tisa nilisimama. Darasa zima, mapapa na mamama wenye mvi, likaningoja. Kisha nikaruka, nikasema tisini na saba, na nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mwalimu akasema vizuri, keti. Niliketi.

Ndipo akatupa kazi: kila mtu achague namba moja, yoyote, aandike yote anayoweza kuyagundua juu yake, si kwa kunakili, kwa kujaribu mwenyewe. Papa mmoja wa nyuma alichagua sifuri akasema yeye amemaliza. Tulicheka. Mimi nilikuwa nimeshaandika namba yangu juu ya ukurasa kabla kicheko hakijaisha.

Sifa, nimekaa na namba ile tangu mvua zilizopita, na nataka kukuambia nilichokiona, kama mwanafunzi anavyomwambia mwalimu.

Kwanza nilitaka kujua kwa nini ilitudanganya. Hadi mia, namba zisizogawanyika kwa mbili, kwa tatu, wala kwa tano, lakini bado zinagawanyika kwa nyingine, ziko tatu tu: arobaini na tisa, sabini na saba, na tisini na moja. Arobaini na tisa kila mtoto anaijua kwenye jedwali, saba mara saba. Sabini na saba inajionyesha yenyewe, saba mbili zimesimama pamoja. Inabaki hii moja. Kisha nikakumbuka jedwali letu la shule, lililoishia kumi na mbili. Saba mara kumi na mbili ni themanini na nne. Ongeza saba moja tu. Ilikuwa imesimama hatua moja nje ya mlango, na sisi tulifundishwa kuishia mlangoni.

Pili ni machungwa. Moja, na nne, na tisa, na kumi na sita, na ishirini na tano, na thelathini na sita. Hiyo unaijua, uliiona kabla yangu.

Tatu, nilichukua vizibo vya chupa kwa jirani mwenye baa. Kizibo kimoja katikati, sita kukizunguka, kumi na mbili kuzunguka hivyo sita, kumi na nane, ishirini na nne, thelathini. Umbo lake ni kama la sega la nyuki, pande sita zote sawa. Nilipovihesabu vyote vilikuwa tisini na moja. Nilivihesabu tena. Nilikaa pale sakafuni, mtu mzima wa miaka arobaini na vizibo vya bia, na sikuwa na wa kumwita. Ulikuwa chumba cha pili unaandika barua yako ya kuomba kazi. Nilisimama mpaka mlangoni pako. Kisha nikarudi.

Nne, na hii ndiyo ninayokuachia. Ukipanga kwa mstari wa moja, kisha wa wawili, kisha wa watatu, mpaka wa kumi na tatu, jumla ni tisini na moja. Kwa hiyo machungwa yale yale yanajenga ngazi zangu sita, na yakilazwa chini yanajenga pembe tatu kamili. Nikajiuliza kama ngazi nyingine zinaweza hivyo. Ngazi tano ni machungwa hamsini na tano, na hayo pia yanajenga pembe tatu, ya mistari kumi. Nikafurahi, nikadhani zote ziko hivyo. Ngazi saba, hapana. Nane, hapana. Nimefika ngazi ya ishirini, nimejaza kurasa nne, na ukiacha lile chungwa moja la peke yake sijapata nyingine. Sijui kama iko mbali zaidi au haipo kabisa. Mwalimu wetu naye alisema hajui, na alisema kwa uso mkunjufu, kama mtu anayetoa zawadi. Nilimpenda siku ile. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema hajui mbele ya darasa na asipungukiwe na kitu.

Alipofungua daftari langu aliona kile kisanduku kilichochapwa chini ya ukurasa. Akacheka.

"Na hapa kwenye saini ya muzazi, mama, tutaweka nani?"

Darasa lote likacheka, nami nikacheka nao. Lakini njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeshalipata jibu.

Mvua imefika juu ya bati sasa, sisikii hata kalamu yangu. Niseme kilichobaki.

Kule Opala utakuwa na orodha zako, na siku moja mtoto wa mstari wa nyuma atakuambia kwamba machungwa hayakubaliani nawe. Sijui kama atakuwa sahihi. Mimi mtoto wangu sikumpa nafasi ya kujulikana kama yuko sahihi, na najua ilinigharimu nini, kwa hiyo nakuambia habari yangu tu, utaifanyia utakavyo. Wewe ni mwalimu. Mimi niko mwaka wa tatu bado.

Katika mfuko wako, chini ya blauzi nyeupe, nimeweka vitu viwili.

Cha kwanza ni ule ukurasa. Umekaa miaka kumi na tatu ndani ya lile daftari alilolileta Madame Odile, ambalo sikuwahi kuliandika hata neno moja. Mikunjo minne imekuwa myeupe, na mstari wangu mwekundu haufutiki, nilijaribu. Nimeuacha. Chini ya vitone vyako, mahali ulipokuwa umeniachia nafasi, nimeandika kwa bluu: Ni kweli, saba mara kumi na tatu. Nimetia tarehe ya leo, kwa sababu sitaki ionekane kana kwamba niliisaini kwa wakati wake. Na chini ya tarehe nimetia saini yangu.

Cha pili ni daftari langu la shule, lile ulilolifunika kwa kitambaa. Kisanduku cha saini kiko wazi. Lipitie, mwanangu. Ukiona kosa, chukua nyekundu, ni yako sasa, ni haki yako, na usinihurumie. Na kama una muda baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wako, tazama zile ngazi zangu baada ya ishirini. Unajua njia za kutafuta ambazo mimi sijafundishwa.

Issa atalala Opala usiku mmoja tu kisha atageuza. Nimemwambia asubiri mpaka umpe daftari. Akauliza, "Na akikataa kulitoa?" Nikamwambia asikulazimishe, arudi hivyo hivyo, na asinitengenezee hadithi njiani.

Nitakuwa pale ufukweni kesho kuwatazama mkivuka, na siku ya kurudi kwake nitakuwa pale tena. Machungwa atayalinda Mama Bora, ngazi sita, amesema anazijua kuliko mimi.

Nasikia lango. Ni wewe, umelowa, unacheka na mtu. Naikunja barua.

Mama yako